Uzi: Julius Klengel, mpiga selo aliyekaa katika okestra moja kwa miaka 50

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam. Uzi wa leo unahusu nyuzi nne na mtu aliyezipitishia upinde maisha yake yote bila kuuhama mji wake. Anaitwa Julius Klengel, Mjerumani aliyezaliwa Leipzig tarehe 24 Septemba 1859 na kufariki Leipzig hiyohiyo tarehe 27 Oktoba 1933. Nimemleta kwa sababu ya mjadala uliokuwapo hapa jamvini, ambapo wengi walishikilia kwamba mwanamuziki anayeketi katikati ya okestra ni yule aliyeshindwa kusimama peke yake mbele ya watu. Mimi sikubaliani na kauli hiyo, na badala ya kurushiana maneno nimeona ni afadhali nimwite Klengel awe shahidi wangu.

Kwa ambao hawajawahi kuiona selo, ni ndugu mkubwa wa fidla, ambaye kwa ukubwa wake hawezi kulazwa begani. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaifahamu, kwa kuwa katika vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club ni mojawapo ya ala zinazobeba sauti ya chini wakati fidla, udi na kanuni vinapojibizana juu yake. Mpigaji huketi akaibana kwa magoti, na nyuzi zake nne, kutoka iliyo nzito hadi iliyo nyembamba, hutoa do, sol, re na la. Sauti yake inakaribiana na ya mwanamume anayeimba bila kupaza, na labda ndiyo maana wasikilizaji huipenda hata wasipojua jina lake.

Klengel hakuupata muziki kwa bahati. Babu yake, Moritz Klengel, alikuwa mpiga fidla katika okestra ya Gewandhaus. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyeupenda muziki kwa dhati. Na kaka yake Paul, aliyezaliwa mwaka 1854, alipiga fidla na piano na kutunga pia. Mji wenyewe nao ulikuwa na historia nzito. Johann Sebastian Bach alikuwa msimamizi wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas hapo Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na Felix Mendelssohn, aliyeanza kuiongoza okestra ya Gewandhaus mwaka 1835, ndiye aliyeasisi chuo cha muziki cha mji huo mwaka 1843. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba kama ile, katika mji kama ule, angeshangaza zaidi kama angekuwa fundi seremala.

Neno Gewandhaus lenyewe lina kisa chake. Mwaka 1743 wafanyabiashara wa Leipzig walianzisha tamasha za muziki kwa fedha zao wenyewe, jambo lisilo la kawaida katika zama ambazo okestra nyingi zilikuwa mali ya wafalme na makabaila. Mwaka 1781 tamasha hizo zilihamia katika ukumbi uliojengwa ndani ya jengo la wauza vitambaa, na jina la jengo likawa jina la okestra. Ni kama kikundi cha hapa kwetu kingefanya maonyesho yake katika ghala la khanga hadi watu wakazoea kukiita Ghala la Khanga, kisha kikasafiri duniani kote kwa jina hilo bila mtu yeyote kuona ajabu.

Klengel alisomeshwa selo na Emil Hegar, aliyekuwa mpiga selo wa kwanza wa okestra hiyo, na utungaji akafundishwa na Salomon Jadassohn. Mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika okestra. Hegar aliacha kupiga selo kwa sababu ya maradhi ya mkono na kugeukia uimbaji, na mwaka 1881 mwanafunzi wake akakalia kiti cha mpiga selo wa kwanza. Hakukiacha hadi mwaka 1924. Hesabu inasema miaka 43 katika kiti hicho, na miaka 50 kamili katika okestra.

Mchangiaji

Ahsante kwa mada, mkuu. Naomba ufafanuzi kabla hujaendelea. Unaposema "mpiga selo wa kwanza" una maana gani hasa? Wote si wanapiga noti zilezile?

Mleta uzi

Swali zuri, na naomba nilijibu kwa kirefu, kwa sababu ndipo lilipo shina la mada yenyewe.

Ni kweli kwamba kwa sehemu kubwa ya tamasha wapiga selo wote, ambao katika okestra kamili huwa kumi au kumi na wawili, hupiga noti zilezile kwa pamoja. Huketi wawili wawili, kila jozi ikitazama stendi moja ya noti. Ukurasa unapokwisha, aliyeketi upande wa ndani huacha kupiga kwa nukta chache na kuufungua, huku mwenzake akiendelea ili sauti isikatike. Ni kazi ndogo isiyotajwa popote, lakini ukurasa ukifunguliwa kwa kuchelewa jozi nzima hupotea.

Wa kwanza ndiye anayeamua upinde utavutwa chini au utasukumwa juu katika kila noti, ili mikono kumi na miwili iende kama mkono mmoja. Huandika alama zake kwa penseli, na wenzake huzinakili. Kuvuta kuna uzito na kusukuma kuna wepesi, kwa hiyo uamuzi huo unabadilisha tabia ya wimbo hata kama hakuna noti iliyobadilishwa. Pili, mtunzi anapoandika sehemu ya selo moja peke yake katikati ya simfoni (tungo ndefu ya okestra) au opera (mchezo wa kuimbwa), ni yeye anayeipiga. Tatu, na hili halionekani na walioketi ukumbini, ndiye anayetafsiri mkono wa mwongozaji. Mwongozaji anaweza kuwa mgeni aliyewasili jana na atakayeondoka kesho. Wapiga selo walio nyuma humtazama yeye kwa jicho moja na mgongo wa kiongozi wao kwa jicho la pili, na mambo yakiharibika mgongo huaminiwa kwanza.

Tukumbuke pia kwamba okestra ya Leipzig haikuwa ya tamasha peke yake. Hadi leo inahudumia sehemu tatu: ukumbi wa Gewandhaus, jumba la opera la mji, na Kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako hupiga kantata za Bach, yaani tungo za kuimbwa zikisindikizwa na ala, pamoja na kwaya ya wavulana. Mwanamuziki wake anaweza kutoka katika mazoezi ya simfoni ya Beethoven, usiku akaingia katika shimo la opera, yaani pale chini mbele ya jukwaa wanapoketi wapigaji, kwa saa nne za Wagner, na mwisho wa wiki akawa kanisani. Mwaka 1878, Klengel akiwa bado kijana katika safu ya selo, Leipzig ilionyesha opera nne za Wagner zinazounda Pete ya Wanibelungi, miaka miwili tu baada ya kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Bayreuth. Okestra hiyohiyo ilipiga Simfoni ya 7 ya Bruckner kwa mara ya kwanza duniani, tarehe 30 Desemba 1884, chini ya mwongozaji Arthur Nikisch. Na tarehe 1 Januari 1879 koncheto ya fidla ya Brahms, yaani tungo ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra, ilisikika kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Gewandhaus, Joseph Joachim akipiga na Brahms mwenyewe akiongoza. Muziki ambao sisi tunaukuta vitabuni kama historia, kwa watu hawa ulikuwa karatasi zenye wino usiokauka vizuri, zimejaa makosa ya mnakili.

Mchangiaji mwingine

Mleta uzi, mimi nakupinga kidogo kwa heshima zote. Huyu shahidi wako si mtu wa kawaida wa okestra. Nimesoma kwamba alisafiri Ulaya nzima akipiga peke yake, alitunga koncheto, alikuwa profesa. Sasa huyo anathibitisha nini kuhusu yule wa stendi ya tano ambaye jina lake hatulijui?

Mleta uzi

Umenibana, na sitakwepa. Ni kweli alisafiri hadi Urusi akiwa mpigaji wa peke yake, ni kweli alikuwa katika kwarteti ya Gewandhaus, yaani kikundi cha wapigaji wanne, iliyoanzishwa mwaka 1808 na ambayo hadi leo wanachama wake hutoka ndani ya okestra, na ni kweli alifundisha chuoni tangu mwaka 1881 hadi mwisho wa maisha yake. Mtunzi Max Reger, alipotunga suti zake tatu (suti ni mfululizo wa vipande vifupi) za selo peke yake mwaka 1915, aliitunuku ya kwanza kwa Klengel, ya pili kwa Hugo Becker, na ya tatu kwa Paul Grümmer, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Klengel. Mtu wa namna hiyo hakukosa pa kwenda.

Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu, ndugu yangu. Anayekaa kwa sababu hana njia hawezi kutufundisha lolote kuhusu thamani ya kukaa. Klengel alikuwa na njia, na kila baada ya safari alirudi kwenye kiti chake, akapiga noti zilezile na wenzake, akaandika alama za upinde kwa penseli. Waongozaji walipita mbele yake: Carl Reinecke, aliyekuwapo tangu mwaka 1860 hadi 1895, Nikisch, tangu mwaka 1895 hadi alipofariki Januari 1922, kisha Wilhelm Furtwängler. Yeye alibaki. Sisemi alifanya hivyo kwa utakatifu. Okestra ilikuwa na mshahara wa uhakika na mji ulikuwa wake, na mwanamuziki wa kusafiri katika karne ya 19 alikula kwa kadiri ya tikiti zilizouzwa usiku ule. Kuhusu yule wa stendi ya tano nakubali kwamba shahidi wangu hamsemei moja kwa moja. Alichokijenga Klengel, hata hivyo, kilihitaji watu kumi na wawili wenye uwezo unaolingana, na nitakifikia.

Mchangiaji

Hao wanafunzi wake ni akina nani? Taja majina tuyapime.

Mleta uzi

Nitataja wachache, kwa sababu wote hawaenei.

Guilhermina Suggia alizaliwa Porto, Ureno, mwaka 1885, akapata ufadhili wa familia ya kifalme ya nchi yake na kwenda Leipzig kwa Klengel akiwa bado msichana. Wakati huo wengi waliona si heshima mwanamke kukaa na selo kati ya magoti, na baadhi ya wanawake waliipiga wakiwa wamekaa upande kama wapanda punda. Suggia aliipiga kama inavyopigwa, na akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kujulikana Ulaya nzima kwa chombo hicho.

Emanuel Feuermann, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1902 huko Kolomyia, mji ambao leo uko Ukraine, alifika kwa Klengel mwaka 1917. Mwaka 1919, nafasi ya ualimu ilipopatikana mjini Cologne, Klengel alimpendekeza kijana huyo aliyekuwa na miaka 16. Hebu fikirini: mtoto wa miaka 16 anafundisha watu wanaomzidi umri, na papo hapo ni mpiga selo wa kwanza wa okestra ya mji. Mwalimu anayeweza kuandika barua ya namna hiyo ameweka jina lake lote rehani.

Gregor Piatigorsky alitoroka Urusi ya Kisovieti mwaka 1921 na hatimaye akafika Leipzig kwa Klengel. Baadaye, akiwa Berlin anapiga muziki katika mkahawa ili apate chakula, alisikika na watu wa okestra, na mwaka 1924 Furtwängler akamfanya mpiga selo wa kwanza wa Berliner Philharmoniker, okestra mashuhuri ya Berlin, nafasi aliyoishika hadi mwaka 1929. Yaani mwaka uleule mzee alipoondoka katika kiti chake Leipzig, mwanafunzi wake aliketi katika kiti cha namna hiyo Berlin.

Na William Pleeth wa London, aliyezaliwa mwaka 1916, alikwenda Leipzig akiwa na miaka 13, wakati Klengel alikuwa amepita miaka 70. Pleeth ndiye aliyekuja kumfundisha Jacqueline du Pré, mpiga selo mashuhuri wa Uingereza. Kwa hiyo ukimsikiliza du Pré katika rekodi za miaka ya 1960, umesimama hatua mbili tu kutoka kwa mtu aliyezaliwa mwaka 1859.

Jambo linalonivutia zaidi katika orodha hiyo ni kwamba hawafanani. Feuermann alikuwa msafi na mwepesi kana kwamba selo ni fidla. Piatigorsky alikuwa na sauti pana na ya kusimulia. Suggia alikuwa na moto wake mwenyewe. Mwalimu dhaifu huwatambua wanafunzi wake kwa sababu wote wanapiga kama yeye. Huyu alitengeneza mikono kwa mazoezi makali ya skeli (kupanda na kushuka ngazi ya noti) katika kila funguo, na vitabu vyake vya mazoezi bado vinatumika, kisha akawaachia wenyewe kazi ya kuchagua watasema nini kwa mikono hiyo.

Mchangiaji mwingine

Na tungo zake? Mbona hatuzisikii katika tamasha?

Mleta uzi

Kwa maoni yangu, kwa sababu nyingi hazikustahili kuishi nje ya darasa. Alitunga koncheto nne za selo, koncheto za wapigaji wawili, na vipande vingi vidogo, na ndani yake utakuta mtu anayekijua chombo hadi mfupa: kila kilicho kigumu kinapigika, na kila kinachopigika kinang'aa. Lakini ukimaliza kusikiliza unakumbuka vidole, hukumbuki wimbo. Concertino yake ya kwanza, yaani koncheto ndogo, hupigwa na wanafunzi hadi leo, na hilo si jambo dogo, kwa maana watoto wengi wameanza kuonja koncheto kupitia kwake. Siwezi kuiweka karibu na koncheto ya selo ya Dvořák.

Kuna tungo moja iliyoepuka hukumu hiyo. Mwaka 1920 Nikisch alitimiza miaka 65, na Klengel akamtungia zawadi: Hymnus, yaani utenzi wa sifa, kwa selo kumi na mbili. Hakuna piano, hakuna fidla, hakuna mwimbaji. Ni selo tupu, zilizogawanywa katika sauti kumi na mbili, zikianza kwa unyenyekevu na kupanda taratibu, halafu zikitulia tena. Inachukua takriban dakika sita. Mtu aliyetumia miaka arobaini katikati ya safu ya selo ndiye pekee angeweza kuiandika, kwa kuwa alikuwa akiisikia safu ile kutoka ndani, na alijua kwamba selo inaweza kuwa besi, ikawa sauti ya kati, na ikaimba juu kabisa, bila kuhitaji msaada wa jirani.

Hapo ndipo namjibu yule aliyeuliza kuhusu stendi ya tano. Katika Hymnus hakuna nyota. Sauti ya kumi na mbili ikikosea nusu noti, jengo lote linayumba.

Mchangiaji

Mwisho wake ulikuwaje? Mwaka 1933 si mwaka mwepesi kufia Ujerumani.

Mleta uzi

Haukuwa mwepesi. Mwaka 1924 okestra ilimfanyia tamasha la miaka 50 ya utumishi, Furtwängler akiongoza. Aliacha kiti lakini hakuacha kufundisha. Machi 1933 Wanazi walimzuia Bruno Walter, mwongozaji wa Gewandhaus wakati huo, asiongoze tamasha lake kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwaka huohuo Feuermann aliondolewa katika nafasi yake ya uprofesa Berlin kwa sababu hiyohiyo. Feuermann alifariki New York mwaka 1942 akiwa na miaka 39 tu. Klengel alifariki Oktoba 1933. Mwaka 1936 sanamu ya Mendelssohn iliyosimama mbele ya Gewandhaus iliondolewa, na jengo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1884 na ambamo Klengel alipiga kwa miaka 40, liliharibiwa kwa mabomu mwaka 1943 na 1944. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa mwaka 1981. Kwa hiyo kiti chake, kama kitu cha mbao, hakipo tena.

Hymnus ilibaki. Mwaka 1972 redio ya Austria iliwaita wapiga selo wa Berliner Philharmoniker, waliokuwa Salzburg, wairekodi. Okestra hiyo, ambayo Nikisch aliiongoza sambamba na ile ya Leipzig, ilikuwa na wapiga selo kumi na wawili kamili. Walipomaliza waliona kwamba wamegundua kitu, wakaamua kuendelea pamoja, Rudolf Weinsheimer akiwa mratibu wao. Tatizo lilikuwa moja: mbali na Hymnus hapakuwa na muziki wa kutosha kujaza hata nusu ya tamasha. Wakamwomba mtunzi Boris Blacher awatungie, na wengine wakafuata. Mwaka 1974 walikuwa Tokyo, na tangu hapo wameipiga kila kitu kuanzia Bach hadi tango. Wote ni watu wa okestra, ambao kesho yake hurudi kwenye stendi zao kufungua kurasa.

Mchangiaji mwingine

Mkuu, mimi sijawahi kusikiliza muziki huu kwa makini. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Anza na hiyo Hymnus ya wapiga selo wa Berlin. Tumia spika nzuri, si ya simu, kwa sababu spika ya simu huzimeza sauti za chini na utabaki na nusu ya kazi. Mara ya kwanza fuata sauti ya juu, ambayo sikio litaikimbilia lenyewe. Mara ya pili iache, ushuke chini kabisa, umtafute yule anayeshikilia noti moja ndefu wakati wengine wanatembea juu yake. Ukishamsikia, rudi hapa utuambie ni katika dakika ya ngapi.